Sponji za kamera ya filamu zimegeuka lami: namna ya kuzibadilisha mwenyewe nyumbani

Msomaji wa Tanga ameuliza: "Shikamoo fundi. Marehemu mjomba aliniachia kamera ya Pentax K1000, imekaa kabatini tangu nikiwa mdogo. Nimepiga roli mbili za Kodak Gold 200. Picha kadhaa zimetoka na wingu la rangi ya chungwa upande wa kushoto, nyingine ni safi kabisa. Nikifungua mlango wa nyuma naona kitu cheusi kinachonata kama lami, na kimeanza kumeguka ndani. Je, hicho ndicho kinachoharibu picha? Naweza kukibadilisha mwenyewe bila kuiua kamera?"

Marahaba mwanangu, na Mungu amrehemu mjomba wako. Ndiyo, hicho ndicho kinachoharibu picha, na ndiyo, kazi hii unaiweza mwenyewe mezani kwako. Ila naomba usitie roli ya tatu kabla hujakiondoa. Wingu la chungwa kwenye picha ni hasara ndogo. Hasara kubwa ni chembe ya sponji iliyooza kuangukia pazia la shata. Pazia la K1000 ni la kitambaa kilichopakwa mpira, nalo hukimbia kutoka upande mmoja wa dirisha la filamu, lile tundu la mstatili ambamo filamu hupata mwanga, hadi wa pili kila unapobonyeza. Chembe inayonata ikishika hapo, pazia hupoteza mwendo wake, upande mmoja wa picha unatoka na giza kuliko mwingine, na dawa yake ni kuifumua kamera nzima.

Hicho kitu kilikuwa sponji nyeusi laini ya poliyurethani. Mlango wa nyuma wa kamera ni bati jembamba. Ukiufunga, kingo zake huingia kwenye mifereji miwili, mmoja juu ya dirisha la filamu na mmoja chini, lakini bati likikutana na bati bado hubaki upenyo wa kutosha jua kupenya. Kiwandani waliujaza upenyo huo kwa sponji. Zipo kamera ambazo hazikujengwa hivyo: Leica M3 ya mwaka 1954 huingizwa filamu kutokea chini, na vipande vyake vinaingiliana kwa karibu mno hata havihitaji sponji za mlango. Lakini kamera nyingi za Kijapani za miaka ya 1970 na 1980 zinategemea sponji, na zote hufikia hali uliyoikuta wewe.

Kinachoiua sponji ni maji ya hewani. Unyevu huvunja viungo vya kikemikali vinavyoishikilia poliyurethani, katika kuvunjika huko huzaliwa tindikali kidogo, na tindikali hiyo inaharakisha uozo. Ndilo jambo linalozipata soli za viatu vilivyotunzwa kabatini miaka mingi: unavitoa siku ya harusi vikiwa kama vipya, soli inamomonyoka njiani. Kutotumika hakuisaidii kamera hata kidogo. Iliyolala kabatini Tanga, Mombasa au Unguja huoza mapema kuliko iliyolala Dodoma kwenye hewa kavu. K1000 ilianza kuuzwa mwaka 1976 na ikaendelea kutengenezwa hadi 1997, kwa hiyo hata ile changa kuliko zote ina zaidi ya robo karne. Mtu akikuuzia K1000 ambayo sponji zake hazijawahi kubadilishwa, hesabu kwamba zimekwisha hata kama kwa macho zinaonekana nzima. Ziguse kwa ncha ya kijiti. Zikibaki na shimo, au zikishika kijiti, zimeoza.

Kabla hujashika chochote, tuhakikishe kwanza wingu lako linatoka wapi. Chukua negativu zenyewe, usitegemee picha ulizotumiwa kwenye simu na waliokusafishia filamu. Kwenye negativu, mwanga uliopenya huonekana kama wingu jeusi. Fuatilia linaishia wapi. Likivuka mpaka wa picha na kuingia hadi kwenye matundu ya pembeni mwa filamu, mwanga uliingilia mlangoni, kwa sababu ukanda ule wa matundu haupati mwanga wa lenzi kamwe; dirisha la filamu linaukinga. Likiishia sawasawa na mpaka wa picha, mlango hauna kosa, na tatizo utalitafuta kwenye shata au kwenye chumba cha kioo, kile kilicho nyuma ya lenzi.

Rangi nayo ni ushahidi. Filamu ya rangi ina tabaka zinazopokea mwanga kwa zamu: ya bluu iko juu, upande wa lenzi, ya kijani inafuata, na ya nyekundu iko chini kabisa karibu na plastiki ya filamu. Mwanga unaopenyea mlangoni huifikia filamu kwa mgongoni, basi tabaka la kwanza kuungua ni la nyekundu. Ndiyo maana mwanga wa mlangoni hutoka mwekundu au wa chungwa, na pale ulipozidi nguvu hugeuka njano na hatimaye mweupe. Chungwa lako linakwenda na maelezo hayo.

Sasa upande. Lenzi hupindua taswira ndani ya kamera: juu inakuwa chini, kushoto inakuwa kulia. Ukiishika K1000 huku mgongo wake ukikutazama, bawaba ya mlango iko kulia, na sehemu hiyo ya filamu ndiyo itakayokuwa kushoto kwa picha. Wingu la kushoto kwa picha zilizopigwa kamera ikiwa imelala maana yake ni bawaba. Wingu la juu ya picha linatoka mfereji wa chini, na la chini ya picha linatoka mfereji wa juu. Picha ulizopiga kamera imesimama zitakuchanganya, kwa hiyo zitumie tu baada ya kuzilinganisha na negativu.

Umeshangaa pia kwamba picha nyingine ni safi. Hilo haliisafishi sponji. Mwanga unahitaji muda kupenya: picha mlizopiga mfululizo ndani ya dakika chache hazipati madhara, na ile iliyokuwa dirishani wakati kamera imeachwa juu ya meza uani, au imening'inia shingoni mchana kutwa, ndiyo inayoungua. Jaribu kukumbuka picha zenye wingu zilitanguliwa na nini. Mara nyingi utakuta kamera ilipumzika juani muda mrefu kabla ya picha iliyofuata.

Yapo mambo yanayofanana na haya na wala si sponji. Nukta ndogo zenye mng'ao zinazorudi mahali pale pale kwenye kila picha ni matundu ya sindano kwenye pazia. Kuungua kwa picha mbili tatu za mwanzo peke yake ni filamu iliyotiwa kwenye jua kali. Mistari myembamba iliyonyooka kwa urefu wa filamu ni mikwaruzo. Kwako wewe, lami unayoiona kwa macho na chungwa la kushoto vinatosha. Sihitaji ushahidi zaidi.

Twende kwenye vifaa. Utahitaji vijiti vya mishikaki vya mianzi na vya kuchokolea meno, pamba za masikio, kitambaa cha pamba kisichotoa nyuzi, wembe mpya, rula ya chuma, tepu ya karatasi ile ya wapaka rangi, kadibodi nyembamba, pampu ndogo ya mpira ya kupulizia vumbi, na glavu za plastiki, maana lami hii ikishika kucha haitoki upesi. Bisibisi na kisu viweke mbali. Chuma kikiteleza kinakwaruza reli za filamu au kinatoboa pazia. Mwanzi ukiteleza unavunjika wenyewe.

Cha kulainishia lami ni alkoholi ya isopropili, ile mafundi simu wanayoiita IPA na kusafishia bodi za saketi za simu. Kariakoo ya Dar es Salaam na Luthuli Avenue ya Nairobi inapatikana, na fundi simu yeyote wa Tanga mjini anajua anakoinunua. Spiriti ya duka la dawa inaweza kufaa, lakini baadhi huchanganywa mafuta kwa ajili ya ngozi. Dondosha tone moja kwenye kioo cha dirisha, liache likauke. Likiacha utelezi au ukungu, hiyo usiitie kwenye kamera. Petroli ya kujazia viberiti nayo inayeyusha gundi ya zamani vizuri sana, ila inawaka upesi, basi fungua madirisha na usifanye kazi karibu na jiko. Usitumie kabisa tina, asetoni au dawa ya kuondolea rangi ya kucha, kwani hula plastiki na rangi. Mafuta ya taa pia hayafai, kwa kuwa huacha grisi ambayo gundi mpya haitashika juu yake.

Robo tatu ya kazi hii ni kuondoa cha zamani, na hapo ndipo ninapotaka utulie. Watu wanakimbilia kununua sponji nzuri kutoka ng'ambo halafu wanaibandika juu ya mabaki. Mabaki hayo yana tindikali na unyevu, yanaendelea kuoza chini kwa chini na kuila sponji mpya, na gundi yake haishiki. Mfereji uliosafishwa hadi ukaona rangi ya chuma chake ukajazwa uzi wa bei rahisi utafanya kazi vizuri kuliko mfereji mchafu wenye sponji ya gharama.

Toa betri. Hakikisha hakuna filamu. Kata kadibodi iingie sawasawa juu ya dirisha la filamu, ilale kwenye reli bila kugusa pazia, kisha ishike pembeni kwa tepu ya karatasi. Tepu isiguse pazia hata kwa ncha. Panga kamera mlango ukiwa wazi na mgongo umeinama kuelekea mezani, ili kinachomeguka kidondoke kwenye gazeti na si ndani ya kamera. Anza kavu. Ng'oa kwa ncha ya mwanzi vipande vinavyokubali kutoka, ukivuta kuelekea nje, usisukume kamwe kuelekea dirishani. Kila kipande kikitoka, kifute kwenye kitambaa kabla ya kurudi. Puliza mara kwa mara.

Vikavu vikiisha, chovya kijiti kwenye alkoholi, kigonge ukingoni mwa chupa kipungue maji, ndipo ukiingize mfereji. Alkoholi iende kwenye kijiti. Usiimimine kwenye kamera. Ukiidondosha itasafiri mahali usipopaona, ikibeba lami iliyoyeyuka hadi kwenye mitambo. Jaribu kwanza kwenye kona isiyoonekana uone kama rangi nyeusi ya ndani inavumilia. Lainisha urefu wa ukucha mmoja, subiri kidogo, kokota, futa, sogea. Usiulowanishe mfereji mzima kwa pamoja, maana sehemu itakauka kabla hujaifikia na kugeuka gundi upya. Vijiti vya meno vinakuwa butu haraka. Vichonge tena kwa wembe au vitupe, kwa sababu pembe za mfereji zinahitaji ncha kali.

Kamera nyingi zina kipini kidogo ndani ya mfereji au karibu nacho ambacho hubonyezwa na mlango, na mlango ukifunguliwa ndicho kinachorudisha hesabu ya picha kwenye mwanzo. Kitafute kabla hujaanza. Lami ikiingia kwenye tundu lake hesabu inagoma, na baadaye ukiweka uzi juu yake hesabu haitarudi kabisa. Hapo ukate uzi, upishe, uendelee upande wa pili.

Ukingo wa mlango wenyewe, ule unaoingia mfereji, nao umeshika lami. Ufute. Futa na bati la mgongo linaloikandamiza filamu, kwa kitambaa chenye alkoholi kidogo sana, kwani chembe iliyonata hapo itakwaruza kila roli utakayotia. Ukimaliza pitisha pamba ya masikio kavu kwenye mfereji mzima. Ikitoka nyeusi, bado.

Sasa cha kujazia. Hapa msimamo wangu si wa mafundi wote, na wengine waliobobea watakuambia utumie sponji. Kwa mtu anayeishi pwani mimi nasema tumia uzi kwenye mifereji. Sponji mpya ya poliyurethani itaoza kama ya zamani. Hewa ya Tanga haijabadilika. Chukua uzi mweusi wa kusukia nywele, ule laini wa kufumia unaouzwa kwenye maduka ya vipodozi, ulio wa akriliki. Akriliki hainyonyi maji kama sufu ya kondoo, haivutii nondo, na weusi wake haumezi mwanga pungufu ya sponji. Jaribu kuuvuta na kuusugua kati ya vidole kwanza: unaomwaga nyuzi nyuzi usiununue.

Laza uzi mkavu kwenye mfereji bila gundi, funga mlango, sikiliza na uhisi. Mlango unapaswa kufungika kwa kidole gumba, ukisukuma kidogo, na kitasa kishike bila kulazimishwa. Ukiona umeinuka upande mmoja, uzi ni mnene, basi utenganishe na utumie kamba zake chache. Ukiona hakuna ukinzani wowote, weka nyuzi mbili ubavu kwa ubavu. Huwezi kupata kipimo hiki kwenye maandishi, kwa sababu unene wa uzi hutofautiana duka kwa duka. Ukipendelea sponji, mifereji mingi hupokea unene wa milimita 1.5 hadi 2, na ukanda uwe mwembamba wa kutosha kuingia bila kujikunja.

Kipimo kikikubali, paka gundi ya viatu kwa ncha ya sindano kwenye sakafu ya mfereji, utando mwembamba tu. Subiri ianze kunata bila kuvutika nyuzi, kisha laza uzi ukianzia kwenye kona na kuubonyeza kwa ubavu wa kijiti. Usiuvute. Uzi uliovutwa hurudi nyuma gundi ikikauka, na miisho yake inaacha pengo pale pale mwanga unapopenda kupita, kwenye kona za mlango. Acha uzidi kidogo mwishoni, ubonyeze urudi ndani, ndipo ukate. Gundi ikigusa reli za filamu ifute papo hapo, kwani hata utando mwembamba unainua filamu kutoka mahali lenzi ilipopangiwa kuchora taswira.

Bawaba ndiyo iliyoharibu picha zako, kwa hiyo ipe uzito wake. Hapo nafasi ni pana kuliko mfereji na uzi hautoshi. Nenda duka la vitambaa uombe kipande cha mahameli nyeusi, hata kibaki cha mwisho wa jora. Kata ukanda wa upana ule ule wa sponji ya zamani, ambao kwa kawaida ni milimita chache, kwa wembe mpya na rula juu ya kioo. Paka gundi nyembamba kwenye kingo za mahameli upande wa nyuma, ziache zikauke, ili zisitoe nyuzi. Ibandike manyoya yakitazama mlango. Kama mlango unabana sana ni kwamba mahameli ni nene, na hapo tafuta yenye manyoya mafupi; usiilazimishe, maana bawaba ikipinda haitarudi. Angalia na upande wa kitasa: kukiwa na alama ya sponji ya zamani, rudishia kipande kama hicho.

Kuna sponji moja zaidi ambayo hukuitaja, na pengine hukuiona. Toa lenzi, tazama juu, mbele ya kioo kinachoinama. Utaona kipande chembamba cheusi kilicholala kwa upana wa chumba. Hicho ndicho kinachokipokea kioo kinapopanda, na pia huzuia mwanga unaoingilia kwenye tundu la kutazamia. Kikioza, kioo hunata juu au hupiga chuma kwa chuma, na chembe zake huangukia kioo na kukuchanganya unapotazama.

Hapa taratibu inabadilika, na naomba uisome mara mbili. Kioo cha ndani ya kamera si kama cha chumbani: utando wake unaong'aa uko juu ya uso, hauna kinga, na pamba ya masikio inatosha kuukwaruza. Juu yake kuna kioo cha kulengea, ambacho hakivumilii kemikali. Tone la alkoholi likigusa ukingo wake, hunywewa kwenye upenyo kati yake na fremu, likivuta lami iliyoyeyuka, nalo doa hilo litakuwa mbele ya jicho lako kila utakapotazama. Kwa hiyo kunja karatasi laini ya tishu, iingize taratibu ifunike kioo cha kulengea na kioo kinachoinama. Geuza mdomo wa kamera uangalie chini. Kokota kwa kijiti kikavu tu. Mabaki yaliyogoma yaguse kwa kijiti kilicholowanishwa na kisha kufutwa hadi kikakaribia kukauka. Ukibakiwa na rangi nyeusi kidogo ya gundi ambayo hainati tena, iache. Ni mahali pekee kwenye kazi hii ambapo nakuruhusu kuacha uchafu.

Kwenye sehemu hii uzi haufai, na sponji ngumu za shuleni za kukatia maua nazo hazifai, kwani kioo kitadunda badala ya kutulia. Tafuta sponji laini yenye gundi mgongoni, iliyotengenezwa kwa ajili ya kamera. Huuzwa kwa njia ya mtandao kwa karatasi nzima, na karatasi moja inahudumia kamera nyingi, mnaweza kuchangiana na wenzako. Unene mara nyingi ni kati ya milimita 2 na 3. Kama ya zamani bado ina umbo, ipime kabla ya kuing'oa. Nene kupita kiasi itakizuia kioo kufika juu, na shata inaweza isifyatuke kabisa. Ukishakata kipande, lowesha upande wa gundi kwa ulimi au maji kidogo. Unyevu huo huizuia gundi kushika kwa dakika chache, hivyo unaweza kukiingiza kwa koleo ndogo ya nyusi, kukisogeza hadi kikae sawa, kisha kukibonyeza. Maji yakikauka gundi inarudi. Kaa ukijua kwamba sponji hii utaibadilisha tena miaka ijayo. Ni kazi ndogo ukiifanya kabla haijawa lami.

Kioo kikiwa na vumbi baada ya hapo, pampu tu. Usikipulizie kwa mdomo, mate yataacha madoa.

Kwa wengine mnaosoma jibu hili mkiwa na kamera tofauti, kanuni ni zile zile ila kuna mawili ya kuwatahadharisha. Olympus OM-1 ina sponji nyingine juu, kuizunguka prizimu, kile kipande cha kioo kinachopeleka taswira kwenye tundu la kutazamia, nayo ikioza inakula utando wa fedha wa prizimu na mtaona madoa meusi kwenye tundu la kutazamia. Kuifikia ni lazima kifuniko cha juu kifunguliwe, basi mpelekeeni fundi. Yashica Electro 35 ina kipande cha mpira ndani ya mitambo ambacho kikioza huvuruga kipima mwanga, na kubadilisha sponji za mlango hakutakigusa. Kamera zenye dirisha dogo la kusomea jina la filamu mlangoni zina sponji kuzunguka dirisha hilo pia, nyembamba ya milimita 1 hivi, na watu wengi huisahau.

Turudi kwako. Ukimaliza, acha mlango wazi usiku kucha ili gundi ikauke na harufu yake iishe. Ukiufunga mapema, uzi utashikana na mlango na kung'oka asubuhi. Kesho yake bila filamu fyatua shata kwa kila mwendo, kuanzia sekunde moja hadi 1/1000. K1000 ni ya kimitambo na haihitaji betri kufyatua. Kisha ingia chumba chenye giza totoro, washa tochi ndogo ya kwenye funguo, iweke ndani ya kamera, funga mlango, subiri macho yazoee, zungusha kamera polepole. Ukiona mstari wa mwanga, umeacha pengo. Usipouona bado si hakikisho, kwa sababu tochi hiyo hufichua mapengo makubwa tu.

Hakikisho ni filamu. Tia roli, piga picha chache za kawaida, kisha funika lenzi kwa kifuniko chake na upige tatu za giza. Baada ya ya kwanza kusogezwa dirishani, elekeza bawaba juani kwa dakika tano. Ya pili, elekeza upande wa juu wa kamera. Ya tatu, upande wa chini. Andika mfuatano wake kwenye karatasi. Filamu ikisafishwa, fremu hizo tatu zinapaswa kutoka wazi kabisa, hadi kwenye matundu. Kukiwa na wingu kwenye mojawapo, karatasi yako inakuambia ni upande gani ulioufanyia haraka, na utafungua upande huo peke yake.

Kamera isirudi kwenye mfuko wake wa ngozi kabatini. Ngozi hushika unyevu na kuotesha ukungu, na ukungu kwenye lenzi ni ugonjwa mbaya kuliko huu. Iweke kwenye chombo cha plastiki chenye mfuniko unaobana pamoja na vifuko vya silika jeli, na uitoe upige picha. Mfuniko wa lenzi uweke kila unapopumzika, kwa kuwa K1000 haina swichi ya kuzimia kipima mwanga, na giza ndilo linaloiokoa betri yake.